Nani Anailipia Jumamosi?

Kuna Sale mbili. Moja ni tarafa ya Wilaya ya Ngorongoro, yenye Digodigo, Samunge, Malambo na Engaresero, nchi inayoshuka kutoka nyanda za juu hadi kwenye vumbi la Ziwa Natron. Nyingine ni mji mdogo kusini ya Manchester, Uingereza, wenye klabu ya raga iliyoundwa mwaka 1861, mojawapo ya klabu kongwe kabisa za mchezo huo duniani. Majina yamegongana kwa bahati tu. Hata hivyo nimezisoma habari za raga ya kaskazini mwa Uingereza kama mtu asomavyo barua iliyotoka nyumbani, kwa sababu ugomvi ulioipasua miaka 130 iliyopita ndio ule ule unaosikika kila msimu kwenye viwanja vya Ngorongoro na Karatu, mchezaji anapomweleza nahodha wake kwamba kesho hatafika.

Mchezo usio na malipo tunauita kwa Kiswahili mchezo wa ridhaa. Neno hilo lina uzito, nami nataka kulishika kwa uzito wake. Ridhaa hutolewa na mtu mwenye nafasi ya kukubali na nafasi ya kukataa. Anayeweza kuitoa Jumamosi yake na watoto wake wakala jioni kama kawaida, huyo anaridhia. Asiyeweza, hata kama anaupenda mchezo kuliko wenzake wote, amefungiwa mlango, na huwezi kuonyesha kanuni yoyote iliyoandika kwamba mlango umefungwa. Mtu akicheza siku nzima bila malipo, siku hiyo imelipiwa na mwingine mahali fulani. Kumtafuta mlipaji huyo ndiko kumenifanya nizipitie ligi za Uingereza, za Nairobi na za kwetu kwa mpigo mmoja.

Waingereza waligombana juu ya jambo hili waziwazi. Chama chao cha raga, RFU, kiliundwa London tarehe 26 Januari 1871 na klabu 21, nyingi zikiwa za vijana waliotoka shule za kulipia za watu wenye nafasi. Baada ya muda mfupi mchezo ukahamia kaskazini, Yorkshire na Lancashire, kwenye viwanda vya sufu na pamba na kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Kombe la Yorkshire lilianza kushindaniwa mwishoni mwa miaka ya 1870, na watazamaji wakafurika kuliko ilivyowahi kuonekana kusini. Wachezaji wa huko walikuwa wafumaji na wachimba migodi, watu wanaofanya kazi hadi Jumamosi mchana. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeamuru kazi ya wanawake na vijana viwandani isimame saa 8 mchana siku ya Jumamosi, na kutokea hapo nusu siku hiyo ikaenea kwa wafanyakazi wengine. Naiona sheria hiyo kuwa na mchango mkubwa katika michezo ya Uingereza kuliko kombe lolote, maana alasiri ile iliyoachwa huru ndiyo iliyowapa watu wa kawaida muda wa kucheza na muda wa kutazama.

Lakini nusu siku inatosha mechi ya nyumbani tu. Timu ikialikwa mji mwingine, treni inaondoka asubuhi. Mchezaji anaikosa zamu, na ujira wa zamu hiyo umekwenda. Klabu za kaskazini ziliomba jambo dogo: mchezaji arudishiwe ule ujira alioukosa kwa ajili ya safari. Hazikuomba mshahara wa kucheza. Mwaka 1893 hoja hiyo ilipelekwa kwenye mkutano wa RFU London, ikashindwa kwa kura 282 dhidi ya 136.

Waliopinga walisema kwamba fedha ikishaingia, hata kwa jina la fidia, mchezo utageuka ajira. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani mwishowe mchezo uligeuka ajira kweli. Ninachokiona kibaya ni mahali walipokuwa wamesimama walipokuwa wakisema. Wakili akifunga ofisi Jumamosi, mteja wake atarudi Jumatatu. Mchimba makaa asipoingia shimoni, mwenzake anaingia, na mshahara wa siku ile haumngojei. Kanuni ikiandikwa kwa maneno yale yale kwa watu hawa wawili, mmoja imemgharimu alasiri na mwingine imemgharimu unga. RFU waliiita kanuni hiyo usawa, na nadhani wengi wao waliamini hivyo kwa dhati, jambo linaloniumiza zaidi ya kama wangekuwa waongo.

Tarehe 29 Agosti 1895, katika George Hotel mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zilijitoa na kuunda chama chao. Fidia waliyoiruhusu ilikuwa na ukomo wa shilingi 6 kwa siku. Kutokana na mfarakano huo ikazaliwa raga ya wachezaji 13. Mwaka 1898 chama hicho kipya kiliruhusu malipo ya wazi, lakini kwa sharti ambalo watu wengi wamelisahau: mchezaji alipaswa awe na kazi nyingine ya kudumu, na asiye na kazi hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Ni watu waliojua hasa walichokuwa wakikitafuta. Walitaka mfanyakazi aendelee kuwa mfanyakazi, na bado aweze kucheza.

Waliobaki upande wa RFU waliingiwa na woga wa ligi yenyewe. Ligi huzaa msimamo, msimamo huzaa kupanda na kushuka daraja, na kushuka huzaa tamaa ya kununua wachezaji. Kwa hiyo kwa karibu karne nzima makatibu wa klabu waliandikiana barua kupanga mechi za kirafiki, kila mmoja akichagua wapinzani anaowapenda, na yapo maeneo yaliyocheza hivyo vizazi vitatu. Ligi moja ya taifa, iliyozifunga zaidi ya klabu 1,000 kwenye ngazi moja kuanzia kileleni hadi klabu za vijijini, haikuja mpaka mwaka 1987, tena kwa udhamini wa kampuni ya bia. Agosti 1995, miaka 100 kamili baada ya Huddersfield, bodi ya kimataifa ya raga ilikutana Paris na kuifuta kanuni ya ridhaa. Ile Sale ya Uingereza ikagawanyika: Sale Sharks wakawa timu ya kulipwa na kutwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2006, na klabu ya zamani ikaendelea kwenye madaraja ya chini, katika uwanja wake wa Heywood Road.

Mchezo huo ulipofika Afrika Mashariki, kanuni ya ridhaa ilikuja nayo ikiwa nzima, na hapa haikupata wa kuipinga, kwa sababu wale ambao ingewaumiza hawakuwa na nafasi uwanjani. Wanamaji wa manowari HMS Enterprise walitoa kombe, na tangu mwaka 1930 Enterprise Cup ikashindaniwa na timu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wachezaji walikuwa walowezi, maofisa wa serikali, makarani wa makampuni ya Kiingereza, maaskari. Mwaka 1953 uliundwa umoja wa raga wa Afrika Mashariki, ambao uwanja wake uko kando ya Ngong Road, Nairobi. Timu ya pamoja iliitwa Tuskers. Mwaka 1955 Lions wa Uingereza na Ireland, wakirudi kutoka Afrika Kusini, walipitia Nairobi na kuishinda Afrika Mashariki 39 kwa 12. Waliporudi mwaka 1962 waliifunga 50 kwa 0.

Lile pambano la 1955 siwezi kulisoma peke yake. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa imeuzingira mji huo huo wa Nairobi katika Operesheni Anvil, ikawakusanya maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Hali ya hatari ilikuwa bado inaendelea Lions walipotua. Mwafrika wa Nairobi alihitaji karatasi ili avuke mtaa, sembuse aende mbali kucheza mpira.

Nani basi aliilipia Jumamosi ya mlowezi? Mtumishi wa serikali alilipiwa na kodi, na kodi hiyo ilijumuisha kodi ya kichwa aliyotozwa mtu wa kijijini. Mwenye shamba alilipiwa na vibarua wake. Katika nyanda za juu zote, kuanzia Kitale hadi Oldeani juu ya Karatu, ambako walowezi wa Kijerumani walikuwa na mashamba ya kahawa kati ya vita viwili vya dunia, kahawa iliyoiva haikujua Jumamosi. Mwenye shamba aliweza kuondoka, kwa sababu mchumaji alibaki. Hapo ndipo ninapoona kwamba mchezo wa ridhaa wa wakoloni haukuwa mchezo usio na malipo. Malipo yalikuwepo, yametolewa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya timu.

Uhuru uliubadilisha mlango huo polepole. Nchini Kenya mabadiliko yalipitia shuleni: shule za kizungu zilizokuwa na viwanja vya raga, kama Prince of Wales iliyogeuka Nairobi School na Duke of York iliyogeuka Lenana, zilipofunguliwa kwa Waafrika, vijana waliukuta mchezo na kuuchukua. Ligi ya klabu, Kenya Cup, ilianza mwaka 1970. Mwaka 1977 ziliundwa klabu mbili ambazo kwangu ndizo kiini cha historia yote ya raga ya Kenya. Mwamba iliundwa iwe nyumba ya wachezaji Waafrika waliokuwa wakitafuta pa kucheza nje ya klabu za wazungu. Mean Machine iliundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ikaingia ligi na kutwaa Kenya Cup msimu ule ule wa kwanza.

Watu husimulia ushindi wa Mean Machine kama habari ya damu changa na ujasiri, na vilikuwepo vyote viwili. Mimi natazama pia mahali walipolala na walichokula. Mwanafunzi wa miaka ile alikuwa na kitanda, mlo na posho ya serikali, ile waliyoiita boom. Jumamosi yake ilikuwa imelipiwa na umma, hivyo kwa mara ya kwanza kikosi kizima cha Waafrika kiliingia uwanjani kikiwa na muda sawa na wa mzungu. Walipopata muda huo, ubingwa ulipatikana ndani ya msimu mmoja. Baadaye mwajiri akashika nafasi ya chuo: benki ya KCB iliunda timu yake mwaka 1989, na timu hiyo imekuwa bingwa wa Kenya mara nyingi. Aprili 2016 Kenya ilipoishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore ya raga ya wachezaji 7, wachezaji wake walikuwa watu wa mkataba.

Kwetu Tanzania raga ilibaki ya wachache. Mkoa wa Arusha ni mojawapo ya makao yake machache, una klabu ya Arusha Rhinos, na vijana wanaojifunza huko wanastahili uwanja wenye nyasi. Lakini swali la Jumamosi tulilijibu mapema kupitia soka na riadha, na kwa njia yetu wenyewe. Jibu letu lilikuwa timu ya kazini. Reli, Bandari, Pamba, Ushirika, Polisi, Magereza, JKT: kila jina hapo ni la mwajiri. Mchezaji aliandikwa kuwa fundi, karani au askari, akapewa ruhusa ya mazoezi, na mshahara wake haukukatwa kwa siku aliyosafiri. Tukiyapima kwa maneno ya 1893, tuliwapa wachezaji wetu kile ambacho wafumaji wa Yorkshire walikiomba wakanyimwa. Mwaka 1990 Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa wa Tanzania.

Mtoto wa Karatu aliyefika mbali kuliko wote alipita njia hiyo hiyo. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, wilaya ile ile iliyomtoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Meksiko 1968 akiwa ameumia goti. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bunduki hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Shirikisho la dunia la riadha lilikuwa na neno la ridhaa ndani ya jina lake, na halikuliondoa hadi mwaka 2001. Mtu aliyevunja rekodi ya dunia alirudi nyumbani na medali. Bayi aliweza kuishi hivyo kwa sababu alikuwa mwanajeshi wa JWTZ. Jeshi lilimlipa, nasi tukapata rekodi. Leo taasisi yake huandaa tamasha la michezo mjini Karatu kila Desemba, likiwa na mbio za watoto na za wakubwa, na kwa siku hizo chache barabara ya mji inakuwa ya wakimbiaji.

Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa miaka ya 1990, mwajiri mpya alihesabu watu anaowahitaji, na kiungo mshambuliaji aliyeandikwa kuwa fundi hakuwa mmoja wao. Timu nyingi za kazini zilikufa au kushuka. Pamba iliondoka ligi kuu na haikurudi hadi mwaka 2024, ikiwa mali ya Jiji la Mwanza. Majeshi yalibaki. Wilayani, ambako mwajiri mkubwa hakuwahi kuwepo, kiliondoka hata kile kidogo kilichokuwa kikitegemewa: lori la shirika, na ruhusa ya mwalimu mkuu iliyotolewa bila kuuliza mara mbili.

Sasa turudi Sale, ile ya Ngorongoro. Ligi ya wilaya ya kwetu ni ya ridhaa mpaka kwenye mfupa. Jezi ni mchango, mpira ni mchango, na tuzo ya mashindano ya mchangani mara nyingi ni mbuzi. Kutoka Loliondo hadi Arusha ni kama kilomita 400 kwa barabara, kwa hiyo timu ikishinda wilayani na kwenda ngazi ya mkoa, nauli pekee inaweza kuzidi kila kilichochangwa msimu mzima. Ndiyo sababu ngazi hizo huchezwa kwa vituo: timu zinakusanyika mahali pamoja, zinapiga kambi na kumaliza mechi zote kwa mfululizo. Kituo kinapunguza nauli, lakini kinaongeza siku za kutokuwepo nyumbani. Mchezaji aliyekuwa anakosa Jumamosi moja sasa anakosa wiki mbili.

Na wiki mbili za mtu wa Sale si wiki za likizo. Katika vijiji vya Watemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, kilimo kinategemea mifereji ya maji yanayotoka chemchemi na vijito, na maji hayo hugawanywa kwa zamu chini ya baraza la wazee, wenamiji, utaratibu ambao Robert Gray aliueleza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1963, na ambao wenyewe waliujua karne nyingi kabla yake. Zamu ikiangukia siku ya mechi, kijana huchagua. Maji yakipita shamba lake, yatarudi mzunguko mwingine, na mtama haungoji mzunguko mwingine. Huko Malambo na Engaresero, kwa Wamaasai, wakati wa kiangazi vijana huhama na mifugo kufuata malisho, na timu iliyokuwa na wachezaji 20 mwezi Juni inatafuta 11 mwezi Septemba. Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, maana kazi ya kuteka maji ya nyumbani haina zamu. Ni ya kila siku. Timu ya wanawake inapokamilika katika kijiji chetu, ujue kuna mama na dada wadogo waliobeba ndoo za wengine.

Timu ikikosa watu haifiki, na isipofika mwenzake anapewa ushindi wa mezani. Matokeo ya mezani yakizidi, msimamo wa ligi unakuwa orodha ya nani alikuwa na usafiri na nani hakuwa na ng'ombe wa kuhamisha. Nimesikia viongozi wa mpira wakisema vijana wa siku hizi hawana moyo. Nakataa kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Anayemwambia nahodha, "Kaka, kesho maji ni yetu," amefanya uamuzi wa mtu mzima, na mchezo ndio uliomlazimisha achague kati ya timu na shamba la mama yake.

Shilingi 6 za Huddersfield hatuna, na mashirika ya umma hayatarudi Digodigo. Lakini sehemu kubwa ya gharama yetu inatokana na ratiba, kwani ratiba hutungwa ofisini mbali na mfereji. Zamu za maji zinajulikana mapema. Wazee wanazijua kwa kichwa. Miezi ya kuhama na mifugo inajulikana. Siku za mnada zinajulikana. Katibu wa ligi ya wilaya anaweza kwenda Samunge na Digodigo kabla ya msimu, akakaa na wazee wa maji kwa mchana mmoja, akaandika zamu za wachezaji waliosajiliwa kando ya tarehe za mechi. Akifika Malambo awaulize wazee ni mwezi gani vijana wanaondoka, kisha msimu umalizike kabla ya mwezi huo. Na mchezaji akilazimika kusafiri siku ya zamu yake, klabu imtafutie mtu wa kulinyweshea shamba, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye daftari la timu pamoja na majina ya wachezaji 11.